Janga Likifunga Milango, Benki ya Damu Isikauke

Mnamo Machi 2020, shule zote nchini zilifungwa ili kuzuia kuenea kwa korona. Siku chache baadaye ibada za pamoja zikasitishwa na kafyu ikaanza. Hatua hizo ziliokoa maisha, lakini zilifunga pia mahali ambapo damu hukusanywa. Kwa miaka mingi, wanafunzi wa shule za upili na vyuo wamekuwa tegemeo kubwa la benki za damu nchini Kenya.

Mahitaji ya damu hayakufungwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa muda wa saa chache. Mtoto aliyeishiwa damu kwa sababu ya malaria kali, majeruhi wa ajali na mgonjwa wa selimundu nao hawawezi kungoja janga lipite.

Kwa nini damu haihifadhiwi kwa muda mrefu?

Chembechembe nyekundu zikiwekwa kwenye jokofu hudumu siku 35 hadi 42. Chembe zinazosaidia damu kuganda hudumu takriban siku 5 tu. Kwa hivyo, hata benki iliyojaa leo inaweza kuwa tupu baada ya wiki chache ikiwa hakuna anayetoa damu.

Tena damu haitoki kwa mtoaji ikaenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Ni lazima kwanza ipimwe virusi vya HIV, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Damu itakayomwokoa mama usiku wa leo ni ile iliyotolewa siku zilizotangulia. Kuwatafuta jamaa wakati mgonjwa yuko kitandani ni kuchelewa.

Je, kutoa damu wakati wa janga ni salama?

Ndiyo, tahadhari zikizingatiwa. Korona huenea kwa njia ya hewa na matone kutoka kwa mtu aliyeambukizwa. Haienei kwa kutoa damu. Sindano na mfuko hutumiwa mara moja tu. Ili kuepuka msongamano, watoaji hupangiwa saa za kufika, huketi mbali mbali, huvaa barakoa na kunawa mikono. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani hadi apone, kisha amweleze mhudumu kuhusu ugonjwa huo kabla ya kutoa damu.

Nani anaweza kutoa?

• Mwenye umri wa miaka 16 hadi 65, uzani wa kilo 50 au zaidi, na afya njema.
• Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4.
• Mjamzito na anayenyonyesha wangoje kwanza.

Kabla ya kutoa, kula chakula na unywe maji ya kutosha. Mhudumu atapima kiwango chako cha damu na shinikizo la damu. Kiasi kinachotolewa ni mililita 450 hivi. Baadaye pumzika kidogo, na siku hiyo usifanye kazi nzito. Maharagwe, maini na mboga za kienyeji husaidia mwili kurudisha damu.

Tusingoje timu ya damu ije shuleni au kanisani. Andika tarehe uliyotoa damu mara ya mwisho, hesabu miezi yako, kisha nenda mwenyewe kwenye kituo cha damu kilicho karibu nawe.