Dipoziti ya Nyumba: Jilinde Kabla ya Kuingia

Mpangaji anahama, nyumba ameiacha safi, lakini mwenye nyumba anakataa kurudisha dipoziti: eti sinki limevunjika, eti kitasa hakifungi. Je, vilikuwa vizima alipoingia? Hakuna anayeweza kuthibitisha.

Kabla ya kupokea funguo, kagua kila chumba pamoja na mwenye nyumba au msimamizi wa ploti. Piga picha za kuta, vitasa, mifereji na choo, kisha umtumie siku hiyo hiyo kwa simu ili tarehe ibaki. Andikeni kasoro zote na mtie sahihi nyote wawili. Dai risiti inayotaja dipoziti kando na kodi, kwa kuwa ujumbe wa M-Pesa huonyesha kiasi na aliyepokea, hausemi pesa zilikuwa za nini.

Soma mkataba: notisi ni ya muda gani, na rangi ni juu ya nani? Suala la rangi ndilo huleta ugomvi mwingi.

Toa notisi kwa maandishi. Wengine hukaa mwezi wa mwisho bila kulipa, wakitaka dipoziti iwe kodi. Kama mkataba hauruhusu, unampa mwenye nyumba kisingizio.

Akikataa kukurudishia, mwandikie barua ya madai yenye siku ya mwisho ya kulipa. Asipolipa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Beba mkataba, risiti, picha na nakala ya notisi.