SOMO LA 12: KAGUA CHOO KABLA HUJANUNUA NYUMBA



Katika somo lililopita tulisoma hati ya mauziano. Tuliona kwamba mtu anayejua kusoma hatii sahihi karatasi asiyoielewa. Leo tutajifunza kusoma kitu kingine ambacho hakina maandishi. Kitu hicho ni choo cha nyumba unayotaka kuinunua.

Labda utacheka. Utasema, "Choo nacho kinasomwa?" Ndiyo, kinasomwa. Mimi mwandishi wa somo hili sikukisoma, nikapata hasara. Sikiliza yaliyonipata.

Nyumba niliyoinunua

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Zamani sehemu hii ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa. Mji wa Mpanda ukawa makao makuu ya mkoa. Watu wengi walihamia, na nyumba nyingi zikajengwa na kuuzwa. Mimi pia nilitaka nyumba. Mimi na mke wangu tuliweka akiba kwa miaka 4.

Tulipata nyumba ya vyumba vitatu pembeni mwa mji. Ilikuwa mwezi wa Septemba, kiangazi kikali. Bati lilikuwa zuri. Kuta zilikuwa za tofali za kuchoma. Uani palikuwa na kisima, na choo cha kumwaga maji chenye sakafu ya saruji iliyofagiliwa vizuri. Niliisoma hati ya mauziano mara tatu. Nilihesabu mashahidi. Nikalipa.

Mvua zilianza Novemba. Mwezi wa Januari choo kilikataa kupokea maji. Ukimwaga ndoo, maji yanarudi juu. Kisha udongo ulianza kudidimia pembeni mwa sakafu. Wiki hiyo hiyo mtoto wetu wa mwisho alishikwa na kuharisha. Tulimkimbiza zahanati. Alipona, lakini usiku ule sitausahau.

Fundi alikuja akafunua. Shimo lilikuwa la udongo mtupu, halikujengewa ukuta. Chini ya saruji palikuwa na magogo, na magogo yale yalikuwa yameliwa na mchwa. Mtoto angeweza kutumbukia siku yoyote. Maji ya ardhini yalikuwa yamepanda mpaka ndani ya shimo. Nacho kisima tulichokuwa tukinywa kilikuwa hatua 15 tu kutoka hapo, tena upande wa chini.

Nilikwenda kwa mzee aliyeniuzia. Hakukataa. Alisema, "Mwalimu, hukuniuliza."

Alisema kweli. Nilisoma karatasi, lakini sikukisoma choo. Tulichimba choo kipya kwa fedha za mkopo.

Choo kinafanyaje kazi?

Ukitaka kukagua kitu, jua kwanza kinavyofanya kazi.

Choo cha shimo hupokea kinyesi, na maji hunywea ardhini. Uchafu mzito hubaki na kujaza shimo polepole.

Karo ni tofauti. Karo ni tangi la kujengwa chini ya ardhi. Lina sakafu, kuta na mfuniko, na halivuji. Ndani yake mambo matatu hutokea. Uchafu mzito huzama chini ukawa tope. Mafuta na povu huelea juu. Maji hubaki katikati. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sehemu ya uchafu huo. Maji ya katikati hutoka kwa bomba, yakaenda kwenye shimo la pili la kunyonyea maji. Hapo yananywewa na udongo.

Maji yanayotoka kwenye karo si safi bado. Yana vijidudu vya magonjwa. Udongo ndio unaoyachuja. Kwa hiyo kama udongo umelowa maji, au kisima kiko karibu, uchafu unaweza kufika kwenye ndoo yako ya kunywa.

Jihadhari na jina. Wauzaji wengine huita shimo lolote lenye mfuniko wa zege "karo". Uliza: "Lina sakafu? Kuta zimejengwa kwa nini? Maji yakitoka yanakwenda wapi?"

Mambo 7 ya kukagua

Nenda na fundi anayejenga vyoo, au mwombe afisa afya wa kata akushauri. Nenda mchana. Tena usiende mara moja tu. Ukiweza, ione nyumba wakati wa mvua. Shimo likiwa kavu Septemba, huenda Februari limejaa maji.

1. Pima umbali wa kisima. Wataalamu wa afya hushauri mita 30 au zaidi kati ya choo na kisima. Kwa mtu mzima ni kama hatua 40. Kisima kiwe upande wa juu, choo kiwe upande wa chini. Usisahau choo cha jirani. Uchafu haujui mpaka wa kiwanja.

2. Pima kina cha maji ya ardhini. Funga jiwe kwenye kamba, uliteremshe kisimani, kisha pima kamba kutoka juu mpaka ilipolowa. Chini ya shimo la choo mpaka kwenye maji kubaki angalau mita moja na nusu, hata wakati wa masika. Waulize majirani maji hupanda mpaka wapi mwezi wa Machi.

3. Kagua sakafu na mfuniko. Je, ni zege lenye nondo au ni magogo yaliyopakwa saruji? Tazama nyufa. Tazama kama udongo wa pembeni umebonyea. Saruji mpya juu ya sakafu ya zamani ikutie shaka. Uliza imeficha nini.

4. Mwaga maji. Mwaga ndoo 10 za lita 20, moja baada ya nyingine. Maji yakirudi, au yakishuka kwa uvivu, kuna tatizo. Kisha zunguka uani ukaone kama kuna mahali panapolowa.

5. Tazama maji ndani ya karo. Fundi afunue mfuniko. Karo zima linalotumika huwa na maji mpaka usawa wa bomba la kutokea. Maji yakiwa juu ya bomba, shimo la pili limeziba. Maji yakiwa chini ya bomba, huenda karo linavuja, au limenyonywa hivi karibuni. Kwa hiyo usifurahi ukionyeshwa karo tupu. Uliza lilinyonywa lini na kwa nini.

6. Tafuta choo cha zamani. Nyumba iliyokaa miaka mingi huwa imechimba shimo zaidi ya moja. Uliza: "Choo cha kwanza kilikuwa wapi?" Shimo lililofukiwa vibaya huweza kudidimia. Usijenge chumba juu yake. Kiangazi, majani mabichi yaliyostawi mahali pamoja huku pengine pamekauka ni alama ya maji machafu chini.

7. Tazama njia ya gari. Karo likijaa hunyonywa kwa gari la majitaka. Je, gari litafika? Kama nyumba imezungukwa na kuta za majirani, siku ya kujaa utapata shida. Tazama pia kama kuna nafasi ya kuchimba choo kingine. Kiwanja kisicho na nafasi ya choo cha pili ni kiwanja kidogo, hata kama nyumba ni nzuri.

HATARI! Usiingie shimoni

Ndani ya karo na shimo la choo mna hewa ya sumu. Mtu akiingia anaweza kuanguka na kufa kwa dakika chache. Mara nyingi anayemfuata kumwokoa hufa pia. Hata karo lililonyonywa bado lina hewa hiyo. Kwa hiyo mtu asiingie, asiiname na kutia kichwa ndani. Mtu akitumbukia, piga kelele ya msaada na mvute kwa kamba ukiwa nje.

Usiwashe kiberiti, sigara wala kibatari karibu na shimo lililofunuliwa. Hewa nyingine ya humo inawaka na kulipuka. Weka watoto mbali. Ukimaliza kukagua, funika mara moja.

Hesabu: shimo litadumu miaka mingapi?

Wataalamu hukadiria kwamba mtu mmoja hujaza shimo la choo kwa lita 40 hadi 60 za uchafu mzito kwa mwaka. Tuchukue 60 ili tusijidanganye.

Shimo lina urefu wa mita 1, upana wa mita 1, na kina cha mita 3. Juu tuache nusu mita bila kujazwa. Inabaki mita 2 na nusu.

1 × 1 × 2.5 = mita za ujazo 2.5
Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo ni lita 2,500.
Familia ya watu 6: 6 × 60 = lita 360 kwa mwaka.
2,500 ÷ 360 = karibu miaka 7.

Sasa muuzaji akikuambia, "Choo hiki kina miaka 6," na nyumba ilikuwa na watu 6, unajua nini? Unajua kwamba umebakiwa na mwaka mmoja hivi. Unanunua nyumba na kazi ya kuchimba choo. Bei ipungue.

Andika katika hati

Maneno ya mdomo huruka na upepo. Ukisha kukagua, mwombe muuzaji mwandike mambo haya katika hati ya mauziano, mbele ya mashahidi na kiongozi wa mtaa au kijiji:

Choo ni cha aina gani. Kilijengwa mwaka gani. Karo lilinyonywa mara ya mwisho lini. Choo cha zamani kiko wapi. Kama kuna kasoro, nani ataitengeneza, na kabla ya tarehe gani.

Wewe unayeuza nyumba, usione umeonewa ukiulizwa. Sema kweli. Atakayekunywa maji ya kisima kile ni mtoto wa mwenzako.

Ukisha hamia

Usitupe nguo kuukuu, pedi, mifuko ya plastiki wala mafuta ya kupikia chooni. Usimwage dawa za kuua wadudu humo, maana zinaua vijidudu vinavyofanya kazi. Maji ya mvua kutoka kwenye bati yasielekezwe kwenye karo. Usipande mwembe wala mkaratusi karibu, kwa sababu mizizi hupasua kuta. Usipitishe gari juu. Tope likifika theluthi moja ya kina cha karo, liite gari la majitaka. Usimlipe mtu akufungulie usiku ili uchafu uende mtoni au kwenye majaruba ya mpunga. Huko chini kuna wenzako wanaochota maji.

Tukumbuke

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika chini ya miti na kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kazi ile haijaisha. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa huu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi.

Wazee walijifunza kuchimba choo. Sisi tunaonunua nyumba zilizojengwa na wengine tujifunze kukikagua. Usiku mmoja wa kumbeba mtoto zahanati ni mrefu kuliko asubuhi moja ya kumwaga ndoo 10 za maji.

Maneno ya kujifunza

Karo: tangi la chini ya ardhi la kupokea maji machafu ya choo.
Shimo la kunyonyea: shimo linalopokea maji kutoka kwenye karo ili yanywee ardhini.
Kudidimia: kuzama chini polepole.
Kasoro: upungufu, kitu kisicho sawa.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini karo tupu si lazima liwe karo zima?
2. Mwandishi alikosea wapi? Je, muuzaji naye alikosea?
3. Kwa nini ni vizuri kuiona nyumba wakati wa mvua?
4. Shimo lina urefu wa mita 1, upana wa mita 1, na kina cha mita 4. Acha nusu mita juu. Familia ina watu 7. Litadumu karibu miaka mingapi?

Kazi ya nyumbani

Leo jioni, hesabu hatua kutoka choo chako mpaka kisima unachokitumia. Andika namba hiyo katika daftari. Andika pia kama kisima kiko upande wa juu au wa chini. Njoo nayo darasani, tuisome pamoja.