Msimamizi wa Mirathi Si Mmiliki

Hati ya usimamizi inayotolewa na mahakama haimfanyi msimamizi kuwa mmiliki wa mali ya marehemu. Yeye ni mdhamini: hukusanya mali, hulipa madeni, kisha huwagawia warithi kilichobaki.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kupangisha. Kaka mkubwa, ambaye ndiye msimamizi, hupokea kodi ya pango, nao wadogo zake hawajui inakoishia. Fedha hizo ni za mirathi. Tena ni mapato yanayotozwa kodi ya Serikali. Kila shilingi iandikwe na risiti zitunzwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, humtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Katika Mahakama ya Mwanzo, orodha ya mali na madeni huwasilishwa ndani ya miezi 4. Mahakama inaweza kuongeza muda.

Muda ukipita kimya, tunawashauri warithi wafike katika mahakama iliyomteua msimamizi na kuomba kuona jalada. Msimamizi anayekataa kwa makusudi kutoa hesabu anaweza kutenguliwa.