Somo la Mafuta ya Mitambo: Rahisi Huvunja Upishi

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mafuta ya mitambo na karafuu wapi na wapi?" Jawabu ni jepesi. Trekta tunalokodi na katapila lifungualo njia za mashambani hulipwa kwa fedha zetu, na likisimama wakati wa mavuno, karafuu hunyeshewa.

Tuwatazame wenzetu wa bara. Korogwe ni nchi ya mkonge, mmea ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf. Handeni jirani yake ni nchi ya mahindi na ukame. Huko trekta huvuta tela za majani mpaka kwenye korona, juani na vumbini, na katika kilo 100 za majani nyuzi ni kama kilo 4 tu. Mzigo ni mkubwa, mapato ni madogo. Gharama ya kila saa ya mtambo haina budi kuhesabiwa.

Kwanza, uzito. Juu ya pipa la mafuta ya haidroliki huandikwa ISO VG 32, 46 au 68. Namba hiyo hupima jinsi mafuta yanavyotiririka katika joto la digrii 40: ndogo ni mepesi, kubwa ni mazito. Mepesi mno hupenya ndani ya pampu na nguvu hupungua. Mazito mno hayafiki upesi. Penye joto kama letu, mitambo mingi hutaka 46 au 68. Lakini mwenye amri ni kitabu cha mtambo, si muuza duka.

Pili, aina. Matrekta mengi hutumia mafuta mamoja kwa gia, difu, haidroliki na breki zilizozama ndani yake. Mafuta hayo yana dawa ya breki. Ukitia ya gia matupu, breki zitalia na kuharibika. Tena GL-4 na GL-5 si pacha: dawa kali ya GL-5 yaweza kula shaba ya baadhi ya giaboksi.

Tatu, hesabu. Tuseme trekta lahitaji lita 40. Mafuta ya kwanza ni shilingi 10,000 kwa lita, yadumu saa 500: jumla 400,000, yaani 800 kwa saa. Ya pili ni shilingi 14,000, yadumu saa 1,000: jumla 560,000, yaani 560 kwa saa. Yaliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Lakini kitabu kikisema yamwagwe kila saa 500, ya pili yatakuwa 1,120 kwa saa, nasi tutakuwa tumelipia jina.

Nne, usafi. Mafuta bora yakitiwa kwa kopo lenye vumbi huwa sumu ya pampu. Pipa lilazwe ubavu, vizibo viwe usawa mmoja, lisinywe maji ya mvua. Mafuta yakigeuka kama maziwa, maji yameingia. Zima mtambo, uite fundi.

Maswali ya kujipima:
1. Trekta tunalokodi, kitabu chake chataka mafuta gani?
2. Hubadilishwa baada ya saa ngapi, na nani huandika saa hizo?
3. Pampu ikifa kwa mafuta mabaya, mkataba wasema nani alipe?

Majibu tuyajadili mkutanoni, kabla mkataba haujatiwa sahihi.

Katibu wa Chama