Mtarakwa Dume na Mtarakwa Jike

Wasomaji wetu wengi wa Arusha na vijiji vya mlimani hupenda kupanda mti wa Krismasi kando ya lango, kisha husikitika kuona kwamba mti huo ni kijani kitupu mwaka mzima. Wamesikia habari za bustani za Ulaya, ambako baridi ikiisha mti uitwao sprusi hutoa koni nyekundu juu ya majani mabichi. (Koni ni kile kibumba cha magamba kishikacho mbegu za miti ya jamii hii.) Je, uzuri wa namna hiyo hauwezi kupatikana huku kwetu? Twajibu kwamba waweza, wala hapana haja ya kuagiza mbegu ng'ambo.

Mti wenyewe ni mtarakwa, mwenyeji wa Meru tangu zamani, aliyejulikana mno kwa nguzo zisizoliwa na mchwa na kwa mbao zilizotengenezewa penseli. Watu humtazama kama mbao tu, wakasahau kumtazama akiwa hai. Mche mchanga una majani kama sindano, makali, ya kijani chenye kufifia kuelekea buluu. Ukikua, majani yake huwa magamba madogo yaliyobanana na vitawi, nayo rangi hukolea.

Basi sikilizeni neno lililo kubwa. Kwa kawaida mtarakwa mmoja huwa dume na mwingine jike, kama ilivyo mipapai. Dume hutoa vikoni vidogo vya manjano kwenye ncha za vitawi, na unga wake huchukuliwa na upepo kama vumbi. Jike huzaa koni za mviringo zenye nyama, hata asiyezijua hudhani ni zabibu ndogo. Zikiiva huwa buluu nzito iliyofunikwa na unga mweupe, na mti wote hupambika.

Marehemu baba yetu alipanda miche miwili, mmoja kila upande wa lango, akangoja buluu hiyo miaka mingi. Yote miwili ilikuwa midume. Kosa halikuwa lake, kwa maana mche mchanga hauonyeshi hali yake hata kidogo. Kwa hiyo apandaye kwa ajili ya pambo asipande miwili. Na apande sita au saba pamoja, aipunguze baadaye, akiacha majike mengi na dume mmoja upande utokako upepo.

Koni zilizoiva zisuguliwe ndani ya maji mpaka nyama itoke, mbegu zioshwe na kuanikwa kivulini. Mbegu nyingi huwa tupu ndani, basi mwage nyingi kuliko miche unayoihitaji, kitaluni penye kivuli chepesi. Kung'oa miche ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni kosa la sheria.

Tena jihadharini na vidukari vya misaipresi, yaani hiyo miti ya Krismasi. Wadudu hao walionekana Malawi mwaka 1986, na kufika 1990 walikuwa wamekwisha ingia Kenya, wakikausha nyua nzima. Mtarakwa nao humshambulia. Dalili ni matawi kugeuka kahawia kuanzia ndani, na utomvu mtamu unaoota ukungu mweusi kama masizi. Mwaka 1994 nyigu wadogo wanaowaua vidukari hao waliachiliwa huko Malawi, nao walisaidia sana. Hata hivyo ni vema usizungushe mtarakwa na ua wa misaipresi, usije ukawakaribisha wageni hao mlangoni pako.

Aliye na mahali penye unyevu zaidi aweza kujaribu mpodo wa mlimani, ambao jike lake hukalisha mbegu juu ya kikonyo kilichovimba, chekundu au zambarau. Huo nao una dume na jike.

Miche ya mtarakwa ikifika kimo cha goti na ihamishwe mwanzo wa masika, udongo ukiwa umekwisha lowa, nayo ikae mbali na ukuta wa nyumba, kwani mti huu hupita mita 30.