Hewa Ituzungukayo na Uzito Wake

Mpishi aliyezoea kupika Mombasa, akihamia Limuru, huona jambo la kushangaza: maharagwe ni yaleyale, sufuria ni ileile, wala kuni hazikupungua, na bado hayaivi kwa wakati aliouzoea. Wengine husingizia mbegu, wengine kuni mbichi. Walakini sababu yake kubwa ni hewa, na hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza katika somo hili.

Watu wengi hudhani kwamba hewa si kitu, kwa kuwa haionekani wala haishikiki. Msomaji na ajaribu jambo hili nyumbani kwake. Twaa bilauri, uijaze maji pomoni, uifunike kwa kipande cha karatasi ngumu, kisha uishikilie karatasi kwa kiganja na kuipindua bilauri, ukaondoe mkono polepole. (Afadhali ufanye hivyo juu ya karai, maana si kila mtu hufaulu mara ya kwanza.) Maji hayamwagiki. Hewa iliyo chini ya karatasi huisukuma kwenda juu kwa nguvu iliyo kubwa kuliko uzito wa maji hayo.

Nguvu hiyo si haba. Kule pwani hewa hulemea kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kilo moja hivi. Na meza yenye urefu wa mita moja na upana wa mita moja hulemewa kwa kilo 10,000 au karibu yake. Meza haivunjiki kwa sababu hewa husukuma pande zote, chini ya meza kama juu yake.

Mtaliani Evangelista Torricelli ndiye aliyeonyesha, yapata mwaka 1644, kwamba uzito wa hewa waweza kushikilia zebaki ndani ya bomba la kioo hata kimo cha sentimita 76. Mfaransa Blaise Pascal akawaza: ikiwa ni hewa iishikiliayo zebaki, basi juu mlimani, ambako hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo zaidi, zebaki haina budi kushuka. Yeye mwenyewe hakupanda. Alimwomba shemeji yake, Florin Périer, naye tarehe 19 Septemba 1648 akaupanda mlima Puy de Dôme pamoja na wenzake, wamechukua bomba na zebaki. Kileleni zebaki ilikuwa chini kwa sentimita 8 hivi kuliko mjini. Bomba la pili lililoachwa mjini, likiangaliwa na mtawa mmoja, halikubadilika siku ile.

Basi turudi kwetu. Nairobi, hewa hulemea kwa kadiri ya asilimia 80 na kidogo tu ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Na maji huchemka pale mvuke wake upatapo nguvu ya kuishinda hewa iyalemeayo. Hewa ikiwa nyepesi, mvuke hushinda mapema. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, Nairobi kama 94, na huko Limuru hupungua tena. Kuongeza kuni hakusaidii hata kidogo: maji yaliyokwisha chemka hayazidi moto, hukauka upesi tu. Lisaidialo ni kuyaloweka maharagwe usiku kucha, au kutumia sufuria yenye kifuniko cha kubana mvuke.

Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na karibu 1 ni agoni. Hewa ya ukaa ni chache mno, lakini mimea yote hujilisha kwayo. Pamoja na mvuke wa maji, huzuia joto la nchi lisipotee lote usiku. Mwezi, ambao umbali wake na jua ni kama wetu, hauna hewa ya namna hii, nao mchana hupita digrii 100 za joto, na usiku hushuka zaidi ya digrii 100 chini ya sifuri.

Hesabu hiyo ya 21 haibadiliki mtu apandapo mlima, ingawa husemwa mara nyingi kwamba juu hakuna oksijeni. Kinachobadilika ni wingi wa hewa yenyewe. Kwenye kilele cha Lenana katika Mlima Kenya, mita 4,985, pumzi moja huleta zaidi kidogo ya nusu ya oksijeni ambayo ingeletwa na pumzi hiyohiyo pwani. Mwili waweza kuzoea, lakini kwa siku kadhaa, si kwa saa kadhaa. Na Mlima Kenya una hatari yake kwa kuwa katika njia ya Naro Moru gari humfikisha mtu kwenye mita 3,000 hivi kabla hajatembea hatua. Kupita hapo, yafaa mahali pa kulala kila usiku pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500.

Kuumwa kichwa na kutapika ni dalili za kwanza. Anayezipata asipande zaidi mpaka zimwishe. Mtu akihema hali ameketi, akikohoa povu, au akipepesuka kama mlevi, asingojewe mpaka asubuhi wala asiachwe peke yake kambini. Ateremshwe saa ileile, hata ikiwa ni usiku, angalau mita 500 hadi 1,000, akapate hewa nzito.