Kibera Ina Watu Wangapi? Namna ya Kubishana Wikipedia Bila Kufungiwa

Kwa miaka mingi aliyeuliza Kibera ina watu wangapi alijibiwa milioni moja, pengine zaidi, na akaongezewa kwamba huo ndio mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika. Mwishoni mwa Agosti 2010 serikali ilipotangaza matokeo ya sensa ya mwaka uliotangulia, Kibera ilipatikana na watu 170,070. Wapo walioshangaa, wapo waliokataa katakata, na ubishi ukaingia Wikipedia, ambako yeyote mwenye simu na bando anaweza kufuta tarakimu moja akaweka nyingine.

Kama unaishi Laini Saba ya Kibera au Gatina ya Kawangware, na umewahi kurekebisha habari za mtaa wako ukakuta kesho yake maneno yako yameondolewa, makala haya ni yako. Aliyeyaondoa huenda yuko Toronto, huenda yuko Kayole. Kabla ya kumkasirikia, jua ametumia kanuni gani.

Kanuni yenyewe ni kwamba kamusi elezo hii, iliyoanzishwa 2001, haipokei ushahidi wa macho. Kila dai linaloweza kubishiwa sharti lionyeshe limechapishwa wapi: kitabu, gazeti lenye wahariri, ripoti ya sensa, makala ya chuo kikuu. Kusema "Nimezaliwa Makina, mimi ndiye najua" hakuhesabiwi. Inaudhi, hasa kwa mitaa kama yetu ambayo wageni wameiandika kuliko wenyeji. Lakini kanuni hiyohiyo ndiyo itakayokuokoa kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kibera na anasisitiza milioni yake: naye mdai chapisho.

Wanaotaka kuandika wanachokiona kwa macho wana pa kwenda. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, chini ya mradi wa Map Kibera, walitembea vijijini na vifaa vya GPS wakachora vichochoro, visima, vyoo na shule kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, mahali ambapo ramani nyingi zilikuwa zinaonyesha nafasi tupu. Katika ramani hiyo miguu yako ni ushahidi halali. Ukikuta daraja limebomoka, unalifuta. Wengi wanaogombana Wikipedia wangefaa zaidi kule.

Turudi kwenye idadi, maana ndiyo chanzo cha magomvi mengi, na mara nyingi kila upande una chapisho lake. Kosa la kawaida si uongo, ni mipaka. Sensa ya 2019 inaipa kaunti ndogo ya Kibra watu 185,777. Hiyo si idadi ya mtaa wa mabanda. Kaunti ndogo ni eneo la utawala lenye mipaka yake, kama vile eneo bunge la Kibra, lililoanza na uchaguzi wa 2013, lina wadi ya Woodley/Kenyatta Golf Course pamoja na Lindi, Makina, Laini Saba na Sarang'ombe. Kwa Kawangware hatari ni kubwa zaidi. Sensa hiyohiyo inaipa kaunti ndogo ya Dagoretti watu 434,208, na ni rahisi mtu mwenye haraka kuichukua tarakimu hiyo akaibandika kwenye ukurasa wa Kawangware, ilhali ndani yake wamo pia watu wa Riruta, Waithaka na Mutuini.

Kwa hiyo usiandike "Kibera ina watu kadhaa" ukaishia hapo. Andika nani alihesabu, mwaka gani, na ndani ya mipaka ipi. Kama makadirio ya mashirika yanapishana na sensa, yaweke yote mawili, kila moja na mwenyewe. Sentensi itarefuka, lakini ni vigumu kuitengua.

Angalia pia chapisho lako lilitoa wapi habari. Mwandishi wa gazeti mwenye haraka hunakili Wikipedia. Mwezi ujao mhariri wa Wikipedia anaitaja habari ya gazeti kama ushahidi, na uvumi unapata cheti. Ukiona gazeti limetaja idadi bila kusema nani alihesabu, liache. Nenda kwenye majuzuu ya sensa ya Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, yanayosomeka bure mtandaoni.

Sasa utaratibu. Fungua akaunti, hata kwa jina la kubuni; usihariri kama mpita njia, kwa sababu laini za simu hutumia anwani moja ya mtandao kwa watu wengi, na ukorofi wa mwingine unaweza kukufungia wewe. Kabla ya kugusa neno, soma historia ya ukurasa uone nani alibadilisha nini na lini. Kisha fungua ukurasa wa majadiliano. Kama simu yako haiuonyeshi, shuka hadi chini kabisa uchague mwonekano wa kompyuta. Huenda ubishi wako ulishafanyika miaka iliyopita na ukaisha.

Hariri mara moja, weka chanzo, eleza sababu kwenye kisanduku cha muhtasari. Ikitenguliwa, usirudishe. Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja anaweza kufungiwa hata kama haki ni yake. Andika kwenye majadiliano: chanzo changu ni hiki, chako kipi? Msipoelewana, omba maoni ya mhariri wa tatu. Ukurasa uliofungwa nusu hauhaririwi na mgeni. Akaunti inahitaji siku nne na mahariri kumi kwanza. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina wahariri wachache, na ujumbe mmoja wa heshima kwa mmoja wa wakabidhi, yaani wasimamizi wake, humaliza mengi.

Majadiliano yanaweza kuchosha kweli. Mji wa kale wa Gdańsk, Poland, ulizua vita vya kuuita Danzig au Gdańsk hadi wahariri wakapiga kura mwaka 2005. Waliamua kwa vipindi: Danzig kati ya 1308 na 1945, Gdańsk kabla na baada ya hapo.

Nasi tuna yetu ya Kibra na Kibera, na nyuma yake liko suala la ardhi. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la wakoloni, walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Mwaka 2017 jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Kati ya tarakimu hizo mbili mna uchungu mwingi, wa Wanubi na wa wapangaji waliokuja baadaye. Sehemu hii iandikwe kwa vitabu na kumbukumbu. Makala ya mwanahistoria Timothy Parsons ya 1997 ni pa kuanzia. Vilevile vurugu za Kawangware za Oktoba 2017, wakati wa marudio ya uchaguzi wa rais: taja nani alisema nini, na usiipe kabila hatia kwa kalamu yako.

Kama unafanya kazi katika shirika lililoandikwa kwenye ukurasa huo, usiuhariri. Pendekeza kwenye majadiliano ukijitambulisha. Picha ulizopiga mwenyewe zinakaribishwa, za gazeti hapana, na sura za watoto wa watu ziache.

Sensa yetu hufanywa kila miaka kumi, hivyo ijayo ni 2029. Matokeo yakitoka, tarakimu zote nilizotaja za wakazi zitabadilishwa na yule atakayefika kwanza akiwa na juzuu mkononi. Fungua akaunti yako sasa.